Prosesa Zenye Kasoro na Kompyuta Kuukuu za Burnt Forest

Leo tuache kidogo mambo ya kuandika programu, tushuke chini zaidi, hadi kwenye kile kipande cha silikoni ambacho programu zetu zote hukikalia. Nataka tuzungumze kuhusu kasoro za prosesa: ni kitu gani, kwa nini zinawaumiza zaidi wenye kompyuta za zamani, na mtu mwenye saiba ndogo afanye nini.

Nimesukumwa na simu ya binamu yangu. Ana saiba pale Burnt Forest, kando ya barabara kuu ya Nakuru kwenda Eldoret, yenye kompyuta nne za mtumba, zile tunazoziita ex-UK. Fundi mmoja amemwambia kwamba prosesa za kompyuta hizo zina tundu lisilozibika, kwamba siri za wateja zinavuja, na kwamba dawa ni moja tu: atupe zote nne, anunue mpya. Akiba aliyo nayo ni karo ya mtoto ya Januari. Swali lake lilikuwa fupi: "Kaka, hizo pesa nizitoe au nisizitoe?"

Fundi alisema kweli nusu. Tuanze na hiyo nusu iliyo kweli.

Watu wengi hudhani kompyuta ina sehemu mbili: programu, ambazo hukosea, na chuma, ambacho hakikosei. Si hivyo. Prosesa husanifiwa na watu, na watu hukosea. Mwaka 1994 Profesa Thomas Nicely, mwalimu wa hesabu katika chuo cha Lynchburg huko Virginia, Marekani, aligundua kwamba prosesa ya Pentium ilikuwa ikikosea baadhi ya hesabu za kugawanya. Mwanzoni Intel ililichukulia jambo hilo kuwa dogo. Kelele zilipozidi, Desemba mwaka huohuo ikakubali kumbadilishia prosesa kila aliyetaka, ikatenga dola milioni 475 kwa ajili ya shughuli hiyo. Kumbuka neno hilo, kubadilishia, kwa sababu tutalirudia.

Kasoro anazozisema fundi ni za aina nyingine. Hazikosei hesabu. Zinatoa jibu sahihi kila mara, ila wakati wa kulitafuta zinaacha alama ambazo mwizi anaweza kuzisoma.

Prosesa ya gigahazi 3 hupiga mapigo bilioni 3 kwa sekunde. Ikitaka kitu kutoka kwenye kumbukumbu ya kompyuta, yaani RAM, inaweza kungoja mapigo mia na zaidi kabla ya kukipata. Kungoja huko ni hasara. Kwa hiyo wasanifu waliifundisha prosesa isingoje: ikisie kitakachofuata, ianze kukifanya, na ikibainika ilikisia vibaya ifute kazi hiyo kana kwamba haikufanyika. Intel ilianza kutumia mbinu hii katika Pentium Pro ya mwaka 1995, na ndiyo sababu mojawapo kubwa ya kompyuta kuwa na kasi tulizozizoea.

Sasa chukua hoteli ya chai pale stejini Burnt Forest, asubuhi ya baridi. (Aliyewahi kushuka pale alfajiri anajua nazungumzia baridi gani.) Mhudumu ni mwepesi na hapendi kusimama bure. Mwenye hoteli ana daftari la madeni ambalo hakuna mteja anayeruhusiwa kulijua. Anaingia mgeni mjanja, anamwambia mhudumu: "Tazama kwenye daftari. Kama fulani anadaiwa, nimiminie chai. Kama hadaiwi, nimiminie uji." Kanuni ni kwamba mhudumu aombe ruhusa kwanza, lakini mwenye hoteli yuko nyuma anapasua kuni na jibu litachelewa. Mhudumu anafungua daftari, anaona deni, anamimina chai huku akisubiri. Mara sauti inatoka nyuma: "Huyo hana ruhusa!" Mhudumu anarudisha chai kwenye birika, anafunga daftari, anamwambia mgeni kwamba hakuna kitu. Kwa maneno, mgeni hakuambiwa lolote. Lakini vikombe viwili viko mezani mbele yake. Anavigusa. Cha chai kina joto. Amekwisha kujua kwamba fulani anadaiwa.

Hiyo ndiyo kasoro iliyopewa jina la Meltdown. Mhudumu ni prosesa. Daftari ni sehemu ya kumbukumbu ambayo ni ya keneli, yaani kiini cha mfumo endeshi, na mara nyingi humo ndimo inamofikika kumbukumbu yote ya mashine. Vikombe ni kache, ile kumbukumbu ndogo na ya haraka iliyo ndani ya prosesa. Kugusa kikombe ni kupima muda: kitu kilichomo kwenye kache hurudi upesi, kisichokuwamo huchelewa. Watafiti walionyesha kwamba kwa njia hii waliweza kusoma siri kwa kasi ya hadi kilobaiti 503 kwa sekunde.

Ndugu yake anaitwa Spectre, na ni mjanja zaidi. Mgeni wa Spectre huja asubuhi kumi mfululizo na maombi halali, mpaka mhudumu anazoea kwamba jibu la mwenye hoteli huwa "ndiyo". Siku ya kumi na moja ndipo anauliza la daftari.

Kasoro hizi ziligunduliwa na watu tofauti waliofanya kazi mbalimbali, karibu kwa wakati mmoja: Jann Horn wa kikosi cha Project Zero cha Google, Paul Kocher na wenzake, watafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Graz, Austria, na wengine. Watengenezaji waliarifiwa Juni 2017, na ulimwengu ukaambiwa tarehe 3 Januari 2018. Meltdown iliwahusu hasa watumiaji wa Intel, na watafiti walisema huenda inagusa karibu kila prosesa ya kampuni hiyo tangu 1995. Spectre iligusa Intel, AMD na ARM.

Sasa turudi kwenye lile neno, kubadilishia. Mwaka 1994 ulibadilishiwa chuma. Mwaka 2018 hakuna aliyebadilishiwa chuma. Tiba ilikuja kwa viraka vya programu, na viraka hivyo hulipiwa kwa kasi. Keneli ililazimika kujificha, yaani kuondoa ramani yake ya kumbukumbu kila programu ya kawaida inapofanya kazi na kuirudisha kila inapoitwa. Prosesa za Intel za kuanzia takriban 2010 zina uwezo wa kufanya hivyo bila kusahau kila kitu. Za kabla ya hapo husahau ramani yote na kuanza upya, kila mara. Microsoft yenyewe ilisema Januari 2018 kwamba wenye Windows 7 na 8 kwenye prosesa za mwaka 2015 na kurudi nyuma wengi wao wataona kompyuta zikipungua kasi. Kwa kifupi, kasoro ilikuwa ya wote, lakini aliyenunua kompyuta mpya alilipa kidogo na mwenye kuukuu akalipa zaidi.

Halafu kuna wale ambao hawakupewa hata nafasi ya kulipa. Sehemu ya tiba ya Spectre huhitaji maikrokodi, yaani maelekezo madogo yanayoingizwa ndani ya prosesa kila kompyuta inapowashwa, na hayo hutolewa na mtengenezaji peke yake. Aprili 2018 Intel ilitoa orodha yake, na mbele ya familia kadhaa za prosesa iliandikwa kwamba kazi imesimamishwa. Humo kulikuwa na Penryn, Wolfdale na Yorkfield, yaani Core 2 Duo na Core 2 Quad nyingi za miaka ya 2007 na 2008, pamoja na Bloomfield, Core i7 ya kwanza kabisa. Sababu zilizotajwa ni kwamba maumbile ya prosesa hizo yanaifanya tiba iwe ngumu, kwamba programu za mfumo zinazozihudumia ni chache sokoni, na kwamba kwa maelezo ya wateja, nyingi zake ziko kwenye mifumo iliyofungwa, ambayo wavamizi hawaifikii kwa urahisi.

Mifumo iliyofungwa! Nilisoma sentensi ile mara mbili. Kompyuta za binamu yangu ni Core 2 Duo E8400, Wolfdale halisi. Haziko kwenye chumba kilichofungwa cha kiwanda huko Ujerumani. Ziko kwenye meza za mbao Burnt Forest, zimeunganishwa na intaneti kuanzia saa mbili asubuhi hadi giza liingie. Waliotoa sababu hiyo hawakudanganya. Waliwauliza wateja wao, nao wakajibu. Lakini anayenunua kompyuta ya mtumba si mteja wa Intel. Kompyuta ilipotoka ofisi ya huko Uingereza ikapakiwa kwenye kontena la Mombasa, ilitoka pia kwenye hesabu za aliyeitengeneza.

Na usidhani kinachopita kwenye meza zile ni mchezo. Mwezi wa Juni saiba inajaa watu wanaowasilisha ripoti za kodi za KRA kabla ya tarehe 30. Wengine wanakuja kwa eCitizen: cheti cha kuzaliwa, cheti cha mwenendo mwema, pasipoti. Wanafunzi wanaomba mkopo wa HELB. Wapo pia wanaokuja kuskani hati ya shamba au kitambulisho na kukituma kwenye barua pepe yao wenyewe, kihifadhiwe. Burnt Forest ni mji uliochomwa mwaka 1992, ukapatwa tena na ghasia baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Watu wa pale wanajua nyumba ikiungua karatasi huenda nayo. Kwa hiyo nakala ile iliyo kwenye barua pepe si kitu kidogo, na neno la siri linaloilinda huchapwa kwenye kibodi ya E8400 ambayo mtengenezaji ameihesabu kuwa imefungwa.

Basi fundi alikuwa sahihi? Hapa ndipo nusu yake ya pili inapoanguka.

Kwanza, si kweli kwamba kompyuta ikiwa kuukuu zaidi basi kasoro ni nyingi zaidi. Zile laptopu ndogo za mwaka 2008 zenye prosesa ya Atom N270, ambazo kila mtu alizicheka kwa uzito wake, hazina Meltdown wala Spectre, kwa sababu prosesa yake hufuata foleni na haikimbilii mbele ya ruhusa. Raspberry Pi za mwanzo ni hivyohivyo. Mhudumu wao ni mzito, anangoja jibu la mwenye hoteli, vikombe vyake havina habari ya kutoa. (Tatizo la N270 ni lingine: ni ya biti 32, na mifumo ya kuihudumia inazidi kutoweka. Debian 13 ya Agosti 2025 haisakinishwi tena kwenye mashine za namna hiyo.)

Pili, mpya si dawa. Kasoro iitwayo Downfall, iliyotangazwa Agosti 2023, iligusa prosesa za Intel za kizazi cha 6 hadi cha 11, na E8400 haimo. Agosti 2024 ikaja Sinkclose ya AMD, iliyohusu prosesa za kuanzia mwaka 2006, na Ryzen za mfululizo wa 1000 na 2000 zikaachwa nje ya orodha ya kutengenezewa viraka. Unaona? Unaweza kununua kompyuta mpya leo, na baada ya miaka saba ukajikuta kwenye orodha ileile ya waliosimamishwa.

Tatu, kukosa maikrokodi si kukosa kila kitu. Waandishi wa programu wa Google walibuni mbinu iitwayo retpoline, ya kuandika msimbo kwa namna inayoinyima prosesa nafasi ya kukisia pale penye hatari. Haihitaji ruhusa ya mtengenezaji. Linux iliichukua mapema mwaka 2018, na inafanya kazi kwenye prosesa za zamani. Vivinjari navyo viliongeza kinga zao. Firefox ilipunguza usahihi wa saa ambayo kurasa za wavuti hupewa, sawa na kuutia ganzi mkono wa yule mgeni ili asitambue kikombe kipi kina joto. Chrome ikaanza kutenga kila tovuti peke yake, kwa gharama ya kumbukumbu zaidi ya asilimia 10 hadi 13, kwa hesabu ya Google yenyewe.

Ukitumia Linux unaweza kujionea mwenyewe kompyuta yako inasimama wapi. Fungua tamino, andika:

grep . /sys/devices/system/cpu/vulnerabilities/*

Kila mstari ni kasoro moja. Ukiona Not affected, haikuhusu. Ukiona Mitigation, kuna kinga. Ukiona Vulnerable, uko wazi. Niliendesha amri hii kwenye mojawapo ya zile E8400. Meltdown ilikuwa na kinga. Spectre ilikuwa na kinga ya retpoline. Kasoro ya MDS, iliyotangazwa Mei 2019, ilisema wazi kwamba keneli imejaribu kusafisha mabaki lakini hakuna maikrokodi. Kwa hiyo tundu lipo, fundi hakulitunga. Ila ni tundu, si nyumba isiyo na ukuta.

Na nyumba ya binamu yangu ilikuwa na mlango uliofunguliwa wazi kabisa upande wa pili. Kompyuta zote nne zilikuwa na Windows 7, ambayo Microsoft iliacha kuitolea viraka tarehe 14 Januari 2020. Masasisho yalikuwa yamezimwa miaka mingi kabla ya hapo na fundi mwingine, kwa sababu "yanafanya mashine iwe nzito". Chrome ilikuwa ni ile ya 109, ya mwisho kwa Windows 7, ya Januari 2023. Na kivinjari kilikuwa kimehifadhi maneno ya siri ya wateja, chungu nzima. Mwizi hahitaji kupima joto la vikombe kama daftari lenyewe limeachwa wazi mezani. Meltdown humtaka mtu mwenye ujuzi. Orodha ya maneno ya siri kwenye kivinjari humtaka mtu mwenye dakika mbili.

Kwa hiyo jibu langu kwa binamu lilikuwa: karo usiiguse. Tulifanya haya.

Kompyuta mbili tuliziunganisha RAM za zote nne, kila moja ikapata gigabaiti 4, tukaweka Linux yenye masasisho yanayojiendesha. Wateja huingia kama wageni, na wakitoka kila kitu chao kinafutika. Kati ya mteja mmoja na mwingine anayehitaji neno la siri, mashine inazimwa na kuwashwa. Hili ni muhimu kuliko linavyoonekana, kwa sababu mashambulizi yote niliyoeleza huhitaji programu ya mwizi iwe inaendelea ndani ya mashine wakati wewe unachapa siri yako. Ukiizima, na kikao cha mgeni kimefutwa, hakuna wa kugusa kikombe.

Ya tatu ilirudishiwa gigabaiti moja, inatumika kuchapa na kuchapisha tu, na waya wa mtandao tumeung'oa. Intel ilisema mashine hizi ziko kwenye mifumo iliyofungwa; hii sasa imefungwa kweli. Ya nne tumeiacha iwe ghala la vipuri.

Fedha za saiba yenyewe, zikipatikana, zitanunua kompyuta moja, mtumba pia, yenye Core i5 ya kizazi cha 4 au zaidi. Hizo zilipewa maikrokodi, na zina uwezo wa kubeba viraka bila kuchoka sana. Hiyo ndiyo itakuwa ya KRA, eCitizen na benki peke yake. Wakati huu soko linazipata kwa wingi, kwa sababu Windows 10 ilifika mwisho wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025 na Windows 11 haizikubali prosesa hizo, kwa hiyo ofisi za ng'ambo zinazimwaga. Kinachotupwa kule kwa sababu ya Windows, huku kinafaa kwa Linux miaka kadhaa.

Gharama ipo, nisikudanganye. Viti vimepungua kutoka vinne hadi vitatu, na kimoja hakina intaneti. Kuzima na kuwasha hula dakika, na Juni foleni itafika nje. Wazee wengine wananung'unika kwamba Linux "haina ile Start". Na ile MDS bado iko wazi. Lakini binamu yangu sasa anajua ni nini kilicho wazi, na ameacha kuhifadhi neno la siri la mtu yeyote, hata la mzee anayemsomea kwa sauti mbele ya foleni nzima. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 inamtaka anayeshughulikia habari za watu azilinde, bila kujali kompyuta yake imetoka kontena gani.

Kama una kompyuta (au tarakilishi, msinigombeze walimu wangu wa Kiswahili) ya umri huo, usikimbilie kuitupa na usikimbilie kuiamini. Angalia jina la prosesa, tafuta kama ilipewa maikrokodi, endesha ile amri, kisha amua ni kazi gani unaipa. Ya kusoma na kuchapa, ndiyo. Ya benki, fikiria mara mbili.

Wiki ijayo nitaeleza hatua kwa hatua namna ya kutengeneza kile kikao cha mgeni kinachojifuta, kwa sababu kilitusumbua jioni mbili nzima. Kwaherini kwa sasa.